Maswali na Majibu: Land Rover Ngapi za Zamani Zimesalia?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu anawezaje kujua ni magari mangapi ya aina fulani ya zamani bado yapo duniani, nchini au hata mkoani kwake. Nimejibu kwa kutumia Land Rover za Series I, II, IIA na III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1948 na 1985, kwa sababu ndizo zinazotajwa katika karibu kila barua.

Tangu utotoni nimesikia kwamba asilimia 70 ya Land Rover zote zilizowahi kutengenezwa bado zinatembea. Ni kweli? (Msomaji, Moshi)

Dai hilo limerudiwa kwa miaka mingi, mara kwa asilimia 70, mara kwa asilimia 75, na wanaolirudia ni nadra kueleza lilivyopatikana. Tatizo langu kubwa, hata hivyo, ni kwamba hata lingekuwa sahihi kabisa, lisingekueleza lolote kuhusu gari la babu yako. Land Rover ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Gari la milioni moja lilitoka mwaka 1976, na uzalishaji wa Defender, mrithi wa Series hizo, ulipokoma huko Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, jumla ilikuwa imefika 2,016,933. Kwa hiyo nusu ya magari yote ya ukoo huo yametengenezwa kuanzia mwaka 1976, na mengi kati ya hayo bado yana umri ambao gari lolote la kazi lililotunzwa vizuri huufikia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ikiwa asilimia 90 ya magari ya nusu ya pili bado yapo, na asilimia 50 ya yale ya nusu ya kwanza, wastani ni asilimia 70. Sasa ikiwa ya nusu ya kwanza yaliyosalia ni asilimia 20 tu, wastani unashuka hadi 55, na bado mtu wa matangazo anaweza kutamka kwa fahari kwamba zaidi ya nusu ya Land Rover zote zingali hai. Wastani wa jumla unayaficha magari ya zamani nyuma ya mapya. Ndiyo sababu sikubali asilimia yoyote ambayo haikutaja miaka ya kutengenezwa kwa magari yanayozungumziwa.

Niongeze pia kwamba imani ya wengi kuwa Land Rover haifi kwa sababu bodi yake ni ya aluminiamu ina ukweli nusu. Bodi haili kutu kama bati la chuma, lakini chasisi, yaani fremu inayobeba gari, ni ya chuma, na mauti ya gari hili huanzia huko chini, hasa pwani.

Gari lisilo na injini, lililowekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, linahesabiwa kuwa lipo? (Msomaji, Tanga)

Linahesabiwa, ilimradi liandikwe katika fungu lake. Mimi hutenganisha magari yanayotembea, yaliyosimama lakini yamekamilika, na yaliyobaki chasisi yenye namba inayosomeka pamoja na sehemu kubwa ya bodi. Kilichobaki mlango na boneti ni vipuri. Anayetoa idadi bila kusema ameyahesabu mafungu yapi ametupa tarakimu tupu.

Ninaishi Leicester. Takwimu za serikali ya Uingereza zinaonesha idadi ya kila modeli, lakini gari la jirani yangu, lililo bandani kwa miongo mingi, nina hakika halimo. Je, takwimu hizo ni mbovu? (Msomaji, Uingereza)

Takwimu hizo ni nzuri sana kwa kazi yake, ambayo ni kuhesabu magari yanayolipiwa au kusamehewa kodi ya barabara na yale ambayo mwenyewe ametoa taarifa rasmi kwamba ameyaondoa barabarani. Utaratibu wa taarifa hiyo ulianza mwaka 1998. Gari lililoegeshwa kabla ya hapo na kutoguswa tena halikulazimika kutolewa taarifa, kwa hiyo linaweza kuwepo bandani kwa ukamilifu wake na lisionekane katika fungu lolote. Kabla ya hapo kulikuwa na mwanya mwingine. Kumbukumbu za magari zilizokuwa katika madaftari ya halmashauri zilihamishiwa kwenye kompyuta ya ofisi ya usajili wa magari iliyoko Swansea, na mwisho wa kuzihamisha ulikuwa mwaka 1983. Gari ambalo mwenyewe hakuliwasilisha lilibaki nje ya mfumo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Land Rover iliyokuwa katika maonesho yale ya Amsterdam ya 1948. Gari hilo lilisahauliwa kwa miongo kadhaa, na mwaka 2018 kampuni ya Land Rover ikatangaza kwamba limepatikana katika bustani ya nyumba maili chache tu kutoka Solihull lilikotengenezwa. Ikiwa gari lenye heshima ya namna hiyo liliweza kupotea karibu na mlango wa kiwanda chake, hatuna budi kukubali kwamba mengine mengi yasiyo na historia yamelala vichakani.

Kuna na suala la majina. Katika kumbukumbu hizo modeli moja huandikwa kwa namna nyingi, na jina kama "88" linaweza kumaanisha Series I ya miaka ya mwisho, Series II, IIA au III, kwa kuwa zote zilitengenezwa kwa urefu huo wa inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mwaka wa kusajiliwa nao hausaidii sana kwa magari yaliyotoka jeshini, kwa sababu mengi yalipewa namba za kiraia siku yalipouzwa, miaka mingi baada ya kutoka kiwandani.

Jambo la mwisho kwako: usilinganishe miaka miwili kabla ya kuhakikisha kwamba kanuni ya kuhesabu haikubadilika katikati. Nchini Ujerumani idadi ya magari madogo katika takwimu rasmi ilikuwa takriban milioni 46.6 mwanzoni mwa 2007, na mwaka mmoja baadaye ikawa takriban milioni 41.2. Magari zaidi ya milioni tano hayakuteketea ndani ya miezi kumi na miwili. Yale yaliyoondolewa barabarani kwa muda yaliacha kuhesabiwa, basi.

Kwa nini tusiiombe tu TRA, mamlaka ya mapato, idadi ya Land Rover zilizosajiliwa Tanzania? (Msomaji, Dodoma)

Tungeweza kuiomba, na ningefurahi sana kuiona, lakini ningeisoma kama idadi ya magari yaliyowahi kuandikwa na kutofutwa. Daftari la usajili hutusaidia kujua gari lililo hai pale tu ambapo mwenyewe analazimika kulifanyia jambo fulani kila mwaka. Hapa kwetu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 na mapato yake yakahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Kwa wenye magari mabovu hiyo ilikuwa nafuu ya haki, kwa sababu gari lililokuwa juu ya mawe lilizidi kulimbikiza deni. Kwa mhesabuji, ile dalili ya kila mwaka kwamba gari bado lina mtu anayelijali ilitoweka. Gari lililokatwakatwa likauzwa kama chuma chakavu linaweza kubaki kwenye mfumo kwa miaka mingi, kwa sababu mwenyewe hana kinachomsukuma kwenda kulifuta.

Dalili bora iliyobaki ni bima ya lazima ya kila mwaka, ingawa nayo huonesha magari yanayotembea barabarani tu. Kwa hiyo daftari lina magari yaliyokufa, na bima inayaacha yaliyolala. Idadi ya kweli iko kati ya hizo mbili, na nafasi iliyopo kati yake ni pana mno kwa mtu anayetaka jibu la kutegemewa.

Mwaka 2024 Arusha ilikusanya Land Rover kwa mamia. Je, mkusanyiko kama huo unaweza kutupa idadi ya zilizopo nchini? (Msomaji, Arusha)

Swali hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu njia ipo na si ngumu. Tamasha la Oktoba 2024 lililenga kuivunja rekodi ya msafara wa Land Rover 632 iliyowekwa Bad Kissingen, Ujerumani, mwaka 2018, na kwa rekodi ya namna hiyo inatosha kuhesabu magari yanayopita. Kwa makadirio tunahitaji orodha mbili ambazo kila moja ina namba za chasisi, ili tujue ni magari yapi yanaonekana katika zote mbili. Wataalamu wa samaki wametumia njia hii tangu karne ya 19: huvua samaki, huwatia alama na kuwarudisha majini, kisha huvua tena na kutazama wangapi kati ya waliovuliwa mara ya pili wana alama.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, tuna orodha ya Land Rover za Series 240 zilizokusanywa na wapenzi wa magari haya. Kwenye tamasha tunasoma chasisi za magari 150 ya Series, na 60 kati yake tayari yamo katika orodha yetu. Hiyo ni asilimia 40 ya yaliyokuja, kwa hiyo tunakisia kwamba orodha yetu imeshika asilimia 40 ya magari yote, na 240 ikigawanywa kwa 0.4 tunapata 600.

Hesabu hiyo inasimama juu ya sharti kwamba kuwemo katika orodha ya kwanza hakukuongeza wala kupunguza uwezekano wa gari kufika kwenye tamasha. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwani mtu anayejiandikisha kwenye orodha ya wapenzi wa Land Rover ndiye huyohuyo anayeendesha kilomita mia kadhaa kwenda Arusha. Magari yaleyale yanajirudia kupita kiasi na makadirio yanashuka chini ya ukweli. Ile 600 ichukue kama kima cha chini.

Ningependa orodha ya pili itoke mahali ambapo wapenzi hawakusanyiki: gereji za mafundi wa mitaani, minada ya mali chakavu za serikali, mashamba ya mkonge na kahawa, na misheni za zamani. Tukikuta huko magari 80 na 12 tu yamo katika orodha yetu, hesabu ileile inatoa 1,600. Hapo hatari inageukia upande wa pili, kwa sababu gari bovu la shambani lina nafasi ndogo kuliko wastani ya kuwa limeandikwa na wapenzi, na makadirio yanaweza kupanda kuliko ukweli. Mimi ningechapisha zote mbili, 600 na 1,600, pamoja na maelezo ya namna kila moja ilivyopatikana, kuliko kuchapisha wastani wake na kuwafanya watu wadhani tunajua. Usisahau pia kuyaondoa magari yaliyovuka mpaka kutoka Kenya na kwingineko kuja kushiriki.

Nimesikia wakati wa Vita Kuu ya Pili wataalamu walikadiria idadi ya vifaru vya Wajerumani kwa kutumia namba zake. Siwezi kufanya hivyo kwa namba za chasisi? (Msomaji, Thika)

Ulichosikia ni kweli, na ni moja ya hadithi nzuri za taaluma ya takwimu. Kwa Agosti 1942 wapelelezi walikisia vifaru 1,550 kwa mwezi, hesabu ya namba ikatoa 327, na kumbukumbu za Wajerumani zilizopatikana baada ya vita zikaonesha 342. Kanuni yake ya msingi ni kuchukua namba kubwa uliyoiona, kuigawanya kwa idadi ya namba ulizoziona, kujumlisha jibu hilo kwenye namba yenyewe, kisha kutoa moja.

Lakini njia hiyo hukadiria vilivyotengenezwa. Haikuambii vilivyosalia, maana namba ya chasisi haibadiliki kwa kuwa gari lenye namba jirani limeungua. Inaweza kukufaa kwa kupata idadi ya kuanzia, mradi uangalie tarakimu za mwanzo za namba. Kampuni ya Rover, iliyoyatengeneza magari haya, ilitenganisha kwa tarakimu hizo magari ya soko la ndani, ya kusafirishwa yakiwa kamili, na yaliyosafirishwa vipande vipande ili yaunganishwe ng'ambo. Ukizichanganya zote katika mfuatano mmoja utapata jibu lisilo na maana.

Land Rover yangu imewekewa chasisi mpya, injini ya gari jingine na milango ya gari la tatu. Bado ni gari la 1967? (Msomaji, Mombasa)

Kisheria inategemea nchi. Uingereza ilitumia hadi mwaka 2025 mfumo wa alama, ambapo gari lilihitaji angalau alama nane ili libaki na namba yake ya zamani. Chasisi, iwe ya awali au mpya ya aina ileile, ilikuwa na alama tano, ekseli alama mbili, gia boksi alama mbili, usukani alama mbili, springi alama mbili, na injini alama moja tu. Kwa kipimo hicho gari lako lingeweza kufaulu vizuri.

Kwa mhesabuji, hofu iko kwingine. Chasisi yako ya zamani ilikwenda wapi? Ikiwa fundi aliiunga na kuijengea gari jingine, sasa kuna magari mawili yanayodai namba moja. Kwa magari ghali jambo hili huzidi, na kwa modeli chache za mashindano idadi ya yaliyopo hukaribia au kuzidi ile iliyotengenezwa. Mimi huhesabu namba mara moja, kwa gari lenye karatasi zinazofuatana, na lile la pili naliandika pembeni.

Nataka kuanza kuorodhesha Land Rover za wilaya yangu. Niandike nini? (Msomaji, Mbulu)

Anza na namba ya chasisi, usiridhike na namba ya usajili, kwa kuwa magari mengi ya umri huu yamebadilishiwa namba za usajili zaidi ya mara moja. Kuna kibati ndani ya kebini, lakini vibati huhamishwa, kwa hiyo tafuta namba iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Series II na III iko mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inaposhikizwa kwenye chasisi. Leta brashi ya waya na chaki, kwa sababu mara nyingi imefunikwa na rangi na tope la miaka mingi. Andika pia tarehe uliyoliona gari, lilipo, kama linatembea au limesimama, na aliyekuelekeza huko. Ukiambiwa kwamba gari fulani lilikatwa likauzwa kama chuma chakavu, liandike nalo pamoja na mwaka, hata kama huna namba yake.