Maswali ya Wasomaji: Sumu za Nyumbani na Ndege wa Kufugwa

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga mjini na viunga vyake, na malalamiko yanakaribiana: ndege alikuwa mzima asubuhi, jioni hayupo. Tumezifupisha barua, majibu tumeyaacha marefu pale palipohitaji. Wanaofuga njiwa na kuku nao wasome, mengi yanawahusu.

Nilibandika kikaango cha nonstiki kwenye gesi, simu ikaita, nikatoka uani. Niliporudi kilikuwa kinafuka kidogo tu, nikazima. Tundu la kasuku wangu wawili wadogo liko ukumbini na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Haikupita nusu saa, wote wako chini ya tundu, wamekufa. Mimi na watoto hatukudhurika. Ni nini kile? (Mama, Chumbageni)

Pole sana, mama. Ule haukuwa moshi wa kawaida. Tabaka jeusi linaloteleza ndani ya kikaango ni aina ya plastiki iitwayo PTFE. Ukipikia kwa moto wa kawaida haina shida, kwa sababu mafuta ya kukaangia huwa kwenye nyuzi 170 hadi 190 hivi, na chakula chenye maji huzuia kikaango kisipande sana. Kikiwa kitupu hakuna cha kuuzuia moto. Gesi ikifunguliwa yote, dakika chache tu zinatosha kukifikisha nyuzi 260 na kupita, na kadiri kinavyokaribia 280 na kuendelea tabaka lile huanza kuvunjika na kutoa gesi pamoja na chembe ndogo mno. Mtu akizivuta kwa wingi hupata homa na kifua kubana, kisha hupoa. Ndege hujaa damu na maji mapafuni, akafa kwa dakika au saa chache.

Tofauti iko kwenye upumuaji. Sisi tunajaza mapafu, kisha tunayamwaga. Ndege ana vifuko vya hewa, kwa ndege wengi ni tisa, na vifuko hivyo huisukuma hewa ipite mapafuni kwa kuelekea upande mmoja, wakati anavuta na wakati anatoa. Hupata oksijeni vizuri kuliko sisi, na sumu ya hewani huipata vizuri vilevile. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka na chiriku migodini hadi mwaka 1986 kwa sababu hiyo: chiriku aliyumba kabla ya mtu kuhisi lolote.

Dawa ya kuizimua sumu hii haipo. Ndege akipatwa, mtoe nje kwenye hewa safi papo hapo, na daktari mwenye oksijeni ndiye pekee mwenye cha kusaidia. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kinga. Ushauri wetu ni mmoja: nyumba yenye ndege ipikie sufuria ya alumini, kikaango cha chuma au chungu. Kagua pia pasi, mashine ya kuchoma mkate, jiko la kukaangia kwa hewa na taa za joto za vifaranga, maana baadhi zina tabaka hilohilo. Mafuta ya kula yakiungua hadi kufuka nayo huua, hata kwenye sufuria ya alumini.

Halafu lipo suala la mahali pa tundu. Ning'iniza kipande cha tishu kwenye mlango kati ya jikoni na ukumbi, uangalie kinapepea kuelekea wapi. Fanya hivyo alasiri, urudie usiku, kwa sababu hapa pwani upepo wa bahari wa mchana hugeuka usiku ukatoka bara. Tundu lililo salama saa tisa alasiri linaweza kuwa katika njia ya moshi unapopika chakula cha usiku.

Nina chiriku barazani. Kila baada ya Magharibi nafukiza udi, na usiku nawasha ile dawa ya mbu ya kuzunguka. Mjukuu wangu ananiambia nawaua ndege. Ni kweli? (Bibi wa Ngamiani)

Shikamoo bibi. Mjukuu ana hoja, ila udi wako huna haja ya kuuacha. Kinachotakiwa ni ndege asiwepo. Dakika chache kabla ya kufukiza, mtoe uani penye upepo, umrudishe harufu ikishaisha kabisa. Ubaya hauko kwenye manukato peke yake. Makaa ya chetezo, na ya jiko la mkaa pia, hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Makaa yaliyoiva vizuri, mekundu, bila moshi, ndiyo yanayodanganya watu: wanaona safi, wanaliingiza jiko ndani. Usiliingize kabisa chumba chenye ndege, wala chenye mtu aliyelala.

Dawa ya mbu ya kuchoma ina piretroidi, yaani sumu ya kuua wadudu. Wadudu huathirika nayo zaidi kuliko ndege, lakini moshi wake unaowaka saa nyingi katika chumba kilichofungwa humchosha ndege mapafu, na dawa ya kupuliza ni mbaya zaidi kwa sababu ya matone ya kiyeyushi. Funika tundu kwa kipande cha chandarua cha zamani kisicho na dawa, kisha acha hewa ipite. Vidonge vyeupe vya nondo visiwekwe juu ya tundu wala chini yake. Wapo wanaovitumia kufukuza sisimizi. Sisimizi wazuie kwa kusimamisha miguu ya meza ya tundu ndani ya makopo ya maji, mbali na mdomo wa ndege.

Na kwa kuwa tumegusa usafi: jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Kusafisha tundu, ndege akiwa nje, kijiko kimoja cha chakula cha jiki katika nusu lita ya maji kinatosha. Acha dakika 10, suuza mpaka harufu iishe, anika juani.

Shikamooni. Kasuku wetu anakula mezani na sisi. Baba anasema tunda ni tunda, mpeni na parachichi. Sisi tunaogopa. (Mwanafunzi, Makorora)

Marahaba. Mnaogopa sawasawa, na mwambieni baba kwa adabu. Parachichi, na yanayoshuka kutoka Lushoto hadi soko la Mgandini yamo, lina kemikali iitwayo pasini, katika majani, ganda, kokwa na nyama pia. Inaharibu misuli ya moyo na kujaza maji kifuani. Kwa wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, gramu 1 ya tunda ilitosha kuwafanya wahangaike na kujinyonyoa, na gramu 8.7 za parachichi lililopondwa ziliwaua ndani ya saa 48. Msiache hata kisu kilichokatia.

Msimpe chokoleti, kahawa, chai ya rangi, pombe, kitunguu, bisi wala chipsi zenye chumvi, maharage mabichi, wala kisamvu kibichi, ambacho hutoa sayanidi. Mpeni papai, embe, ndizi, mchicha, matembele, karoti. Tofaa ondoeni mbegu zake.

Mimi ni mvuvi. Ninapotengeneza nyavu humwachia kasuku atembee, anacheza na chubwi. Wiki hii anakunywa maji kupita kiasi, mabawa yanalegea, kinyesi ni kijani cha kung'aa na ile sehemu nyeupe imekuwa ya waridi. Nimempa maji ya mwarobaini, sioni nafuu. (Sahare)

Ndugu yetu, acha mwarobaini, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Dalili ulizozitaja zote kwa pamoja zinaelekeza kwenye sumu ya madini ya risasi, na chubwi ni risasi tupu. Ni laini, mdomo wa kasuku unaimega bila taabu. Kipande kikishuka hukaa kwenye firigisi, kinasagwa pamoja na vichangarawe, asidi inakiyeyusha kidogokidogo na risasi inaingia kwenye damu. Ndiyo maana ndege huzidi kuugua hata kama umeziondoa chubwi zote: chanzo kiko ndani yake. Ikiachwa, hufuata kutetemeka, degedege, kisha kifo.

Mwombe daktari picha ya eksirei ikiwezekana, kwa sababu kipande cha risasi huonekana cheupe kabisa tumboni. Tiba ni dawa za kufunga madini, kama sindano ya kalsiamu EDTA, kwa dozi inayopimwa kwa uzito wa ndege. Usijaribu kuitafuta mwenyewe dukani.

Chubwi ziweke kwenye chupa yenye kifuniko. Nyuzi za mishipi nazo uziokote, zinazunguka kidole cha ndege na kukikata taratibu bila wewe kujua. Risasi iko pia kwenye betri chakavu, kwenye mabaki ya kulehemu, na katika rangi za zamani. Wenye nyumba za tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, mkitaka kukwangua milango na madirisha, hamisheni ndege nyumba ya pili, loesheni rangi kabla ya kukwangua, na msitumie msasa mkavu. Vumbi hilo ni baya kwa watoto pia, na kwa kweli hao ndio tungewatoa kwanza.

Umetaja pia, katika sehemu tuliyoikata, kwamba tundu lake ni la wavu mpya wa kuku. Wavu huo umepakwa zinki, na mpya huwa na matone na ungaunga mweupe ambao kasuku anautafuna. Sugua wavu wote kwa brashi ya waya na siki, suuza, anika, rudia. Hii inapunguza hatari, haiiondoi. Kwa ndege mwenye mdomo wa kung'ata, chuma cha pua ndicho salama. Kwa chiriku na njiwa, wavu uliosuguliwa unatosha.

Karanga zangu zimeota ukungu kidogo wakati wa masika. Nikizikaanga naweza kumpa kasuku? (Pongwe)

Hapana. Ukungu wa *Aspergillus flavus* hutengeneza sumukuvu, yaani aflatoksini, na joto la kukaangia haliimalizi. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa chakula kilichotengenezwa na karanga za namna hiyo. Hapa kwetu, mwaka 2016, watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Ini la ndege huharibika polepole, na mwenye ndege anaona tu amekonda.

Hewa ya Tanga ina unyevu, gunia la karanga au alizeti haliwezi kukaa jikoni miezi mitatu. Nunua ya wiki mbili. Mwaga kwenye sinia, toa zilizosinyaa, zilizotoboka na zenye doa, kisha weka kwenye kopo linalofunga vizuri. Unaweza kupima uhai wa mbegu kwa kufunga 20 kwenye kitambaa kibichi siku nne: chache zikichipua, ni za zamani, zirudishe dukani. Kipimo hicho hakionyeshi sumukuvu. Mbegu inaweza kuchipua na bado ikawa na sumu, kwa hiyo jicho na pua bado vinahitajika. Karanga bora ununue zile za kuliwa na watu, uzimenye mwenyewe.

Ndege wangu huruka ndani. Nizingatie nini? (Raskazone)

Zima panga boi kabla ya kufungua tundu, usubiri lisimame kabisa. Funika ndoo, pipa na sufuria la mafuta. Weka pazia kwenye vioo. Paka atoke na mlango ufungwe. Mimea ya mapambo kama oleanda, na mnyonyo kama unao uani, isiwe karibu naye. Kwa kijiti cha kutulia, tawi la mpera lililooshwa linafaa.

Kutoka huku hadi mjini ni mwendo. Ndege akila sumu nimfanyie nini njiani? (Muheza)

Usimpe maziwa, mafuta ya kula, chumvi wala maji ya kulazimisha. Ndege akimiminiwa kitu mdomoni akiwa amelegea, kinaingia kwenye njia ya hewa, na hapo ndipo wengi hufia, siyo kwa sumu yenyewe. Usijaribu kumtapisha.

Tafuta boksi la karatasi, toboa matundu ubavuni, tandika taulo chini, mweke ndani, funga. Giza na utulivu humpunguzia matumizi ya oksijeni. Boksi lisipigwe na jua wala kuwekwa kwenye buti la gari. Kama amevuta moshi, usimfunge kwa kitambaa, kifua cha ndege kinahitaji nafasi ya kupanuka. Kama amemwagikiwa mafuta ya taa na bado ana nguvu, mpanguse kwanza, kisha mwoshe kwa maji vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, umkaushe kabla ya safari. Akiwa hoi, mpanguse tu, uondoke naye.

Mpige simu daktari wa mifugo kabla hujatoka, umwulize kama anatibu ndege, maana wengine hawana vifaa. Beba kopo au pakiti ya kitu alichokila, na kinyesi chake kwenye kipande cha plastiki, kisikauke. Andika saa alipopatwa na uzito wake wa kawaida. Uzito huo utaujua tu kama umezoea kumpima kila wiki kwa mizani ya jikoni, asubuhi kabla hajala. Kasuku wa gramu 450 akipungua gramu 45, huyo ni mgonjwa hata kama bado anaimba, na daktari atakapopiga hesabu ya sindano atauliza gramu hizohizo.