Medali ya shaba, ama tuseme bronzi?

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Jambo papa mwalimu. Siye kwenye kikundi yetu ya judo na ju-jitsu tuko na mabishano. Mwenzetu mumoja alituma matokeo ya ju-jitsu ya wanaume kilo 85, Michezo ya Asia kule Hangzhou, akaandika 'medali ya shaba'. Mwingine akacheka, anasema shaba ni cuivre, ile tunachimba huku, na ile medali haiko cuivre, basi tuandike bronzi. Tena yule wa kwanza aliandika 'washindi watatu wa shaba' na walikuwa wawili tu. Nani iko na haki?"

Mdogo yangu, wa kwanza aliandika sawa kwenye shaba na akateleza kwenye watatu, njo jibu lenyewe, lakini aliyecheka naye hakucheka bure. Mtu wa Mombasa ama Dodoma akisikia shaba haimgusi sana, siye huku tunakula kwayo na tunavuta vumbi lake, mkoa mzima uliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997 jina la Katanga liliporudi, na zamani sana kabla ya Wabelgiji kufika misalaba ya shaba ilikuwa inatumika kama feza. Sasa umwambie mtu wa hapa eti yule jamaa kapigana siku nzima huko China kapewa shaba, ataona kama walimkabidhi kipande cha waya wa umeme.

Ila kwenye Kiswahili shaba haijawahi kuwa jina la cuivre peke yake. Neno limetoka kwa Waarabu, na kwao shabah ilikuwa ile ya njano, ya kuchanganya, iliyofanana na dhahabu. Kiswahili kilipolichukua kikalipanua: iliyo safi shaba, yenye zinki ndani shaba, yenye bati ndani shaba. Ukitaka kuzitenganisha unaongeza rangi, basi. Na hili hata hapa mjini linajulikana, nenda kasimame kwa wale wanaonunua vyuma vya kuchakaa kwa kilo: mtu analeta koki ya bomba, mnunuzi anachukua tupa, anakwaruza mara moja pembeni, anaangalia pale palipokwaruzwa, anasema "hii ya njano" na bei inashuka palepale, halafu anakuja mwingine na waya ulioshachunwa plastiki, huyo anaambiwa "hii nyekundu" na anatoka anacheka. Sijasikia hata siku moja mnunuzi akisema ile koki haiko shaba. Bronzi nayo ni shaba iliyotiwa bati, kwa hiyo anayeiita shaba hajakosea, wala si uvivu wa watangazaji wa redio kama wengine wanavyodhani.

Halafu kuna jambo jingine ambalo huyo mcheshi wenu hakuliwaza: jina la medali ni cheo, si orodha ya vilivyomo ndani. Angalia Olimpiki (ju-jitsu haimo huko, lakini medali ndiyo zinazozungumziwa zaidi). Ile ya dhahabu kwa kweli ni ya feza iliyopakwa dhahabu juu, kanuni inadai dhahabu isipungue gramu 6. Na za Tokyo 2020, zile za nafasi ya tatu, zilikuwa asilimia 95 cuivre na asilimia 5 zinki, yaani hata bati halikuwemo! Sasa kama tunafuata vilivyomo ndani, wale wa Tokyo tungewaandika bronzi kwa haki gani? Shaba inawafaa kuliko bronzi. Na mbona hakuna aliyelalamika kuhusu medali ya feza, wakati huku feza ni hizi tunazoenda nazo sokoni?

Sisemi bronzi ifukuzwe. Fundi anayeyeyusha vyuma ama anayechonga bushi za mashine aseme bronzi, kwake tofauti ni kazi na akikosea mashine inakufa. Kwenye matokeo ya michezo acheni shaba ikae.

Ile ya pili ni fupi. "Washindi watatu" ni watu watatu. "Washindi wa tatu" ni waliokamata nafasi ya tatu, hata wakiwa wawili, hata wakiwa kumi. Ukihesabu watu namba inashikamana na kiambishi chake, watoto watatu, ukitaja nafasi kuna "wa" anasimama peke yake, mtoto wa tatu. Mdomoni vinasikika karibu sawa, njo maana vidole navyo vinaviunganisha kwenye simu. Na ju-jitsu inatega mtego huu kila kundi la uzito, maana kwenye Michezo ya Asia wanapigania shaba katika mapambano mawili tofauti, kila pambano na mshindi wake, hakuna wa nne anayepanda kupokea. Kwa hiyo ni washindi wawili wa tatu, na medali mbili za shaba, si "medali za shaba mbili".

Mimi binafsi "ameshinda shaba" sipendi pia, ingawa inaandikwa kila siku. Unamshinda mtu, medali unaitwaa, unaipata ama unaibeba, na huyu wa shaba mahali fulani njiani alishashindwa, ukiandika ameshinda msomaji anachanganyikiwa.

Basi rudini kwenye kikundi muandike hivi: "Wanaume, uzito usiozidi kilo 85, Michezo ya Asia ya 2022 iliyochezwa Hangzhou 2023: dhahabu ilikwenda kwa Faisal Al-Ketbi wa Falme za Kiarabu, aliyetwaa nyingine Jakarta 2018 kwenye kilo 94, washindi wa tatu walikuwa wawili, kila mmoja na shaba yake."

Na hapo kwenye kilo acheni "usiozidi". Mkiandika kilo 85 tupu, kuna mtu atauliza kama wote walilingana kwenye mizani.