Mng'ao wa ukingoni pekee hautoshi

Ndugu, umeuliza kama mstari unaong'aa pembezoni mwa sampuli, ukionekana kwa hadubini ya tanelingi (inayopitisha ncha kali karibu na uso na kupima mkondo wa elektroni kati yao), unathibitisha hali za ukingo za kitopolojia, yaani njia za elektroni ukingoni zinazotokana na muundo wa elektroni wa sampuli nzima. Hapana. Ukingo wowote una atomi zilizopoteza jirani zake, na vifungo vilivyobaki wazi huweza kuleta mng'ao uleule.

Usitegemee picha ya urefu, kwa sababu inachanganya umbo la uso na elektroni. Pima jinsi mkondo unavyobadilika kwa kila badiliko dogo la volteji. Hapo unakaribia wingi wa hali za elektroni chini ya ncha. Ndani ya pengo la nishati, yaani nishati ambazo elektroni za katikati ya sampuli haziwezi kuwa nazo, katikati ya sampuli pashuke karibu na sifuri, ukingoni pabaki juu katika pengo lote. Kilele kimoja chembamba mimi hukitilia shaka.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mawimbi. Elektroni ikigonga kasoro na kurudi nyuma, huacha mawimbi yaliyosimama. Kwenye ukingo wa kitopolojia unaolindwa na ulinganifu wa wakati (sheria kubaki zilezile hata wakati ukigeuzwa nyuma), kurudi huko kunazuiwa, mradi kasoro si ya sumaku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walifanya jaribio hilo kwa metali ya bismuthi mwaka 2014, wakaona hali hizo kwenye aina moja tu ya kingo kati ya mbili. Aina ya pili imefungamana mno na tabaka la chini. Kwa hiyo ukikosa mng'ao upande mmoja, usiitupe sampuli. Chunguza kwanza ukingo huo umekaaje juu ya tabaka lililo chini yake.