Ubongo wa mtoto hautajengwa kwa matunda matupu

Hapa Ujiji kina mama vijana wameanza kushikilia kwamba mtoto alishwe matunda peke yake, eti binadamu alipata ubongo mkubwa kwa kula matunda. Mimi nimelea watoto na sasa nalea wajukuu. Naombeni mnisikilize kabla hamjaondoa ugali na dagaa kwenye sahani ya mtoto.

Hoja yao haikutoka hewani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walilinganisha zaidi ya aina 140 za nyani, kima, sokwe na jamaa zao. Wakakuta kwamba, ukizingatia uzito wa mwili, wala matunda wana ubongo mkubwa kwa karibu robo kuliko wala majani. Majani yapo kila upande, lakini tunda linatafutwa. Sokwe wa hifadhi ya Gombe, hapa kwetu Kigoma, lazima akumbuke mkuyu upi umezaa na unaiva lini, na akichelewa anakuta wenzake wamemaliza. Tena tunda lina sukari, na ubongo ni mlaji mkubwa: kwetu binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unatumia karibu asilimia 20 ya nishati tukiwa tumepumzika.

Lakini sokwe huyohuyo, jirani yetu kabisa, hali matunda matupu. Anakula chikichi zenye mafuta, anavua mchwa kwa kijiti, anawinda mbega wekundu. Jane Goodall, mtafiti aliyewachunguza sokwe wa Gombe, alimshuhudia akila nyama mwaka 1960, wakati wengi waliamini sokwe haigusi. Na pamoja na hayo yote, ubongo wake ni kama theluthi moja ya wetu. Kufika tulipo, wahenga wetu waliongeza nyama, mizizi na chakula cha motoni.

Kwa hiyo kwangu tunda halikosekani, ila halikai peke yake. Dagaa wakavu nawatoa vichwa, nawakaanga kidogo bila mafuta, nawatwanga, nachekecha, kisha unga wake naukoroga kwenye uji wa mjukuu na tone la mawese. Dagaa wana vitamini B12, inayohitajika kwa damu na ubongo, ambayo hutaipata kwenye embe wala paipai. Siku ya maharage namkatia chungwa au pera papo hapo, maana vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yanayojenga damu. Chai naisogeza mbali na chakula kwa sababu inayazuia madini hayohayo. Tunda lenyewe nampa alitafune, juisi simzoeshi.

Kama mwanao ameshakaa muda mrefu kwa ndizi na paipai tu, mfunulie kope la chini na umwangalie viganja. Ukiona weupe, au amelegea na hataki kucheza, mpeleke kliniki wampime wingi wa damu, na mweleze nesi bila kuficha amekuwa akila nini.