Mmeniuliza: historia ya bahari Mombasa tuione wapi?

Shule zimefunga, na maswali yenu mengi safari hii ni ya makumbusho na mambo ya bahari. Nimechukua haya machache.

*Nina wageni kutoka bara, wako kwa siku moja tu. Makumbusho ya bahari hapa Mombasa yako wapi hasa? (Msomaji, Bamburi)*

Ndugu yangu, usitafute jengo moja lenye kila kitu, anza na ngome ya Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 pale mlangoni mwa bandari, mchoraji wa ramani yake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, halafu Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958, makumbusho yakafunguliwa 1960. Nendeni asubuhi na mapema kabla jua halijapanda maana uwanja wa ndani hauna kivuli cha maana, na kiingilio ni kulipa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, so simu iwe na chaji na bando, na kila mtu mzima abebe kitambulisho maana bei ya Mkenya si ya mgeni. Mkitoka tafadhali msirukie tuktuk! Ingieni Ndia Kuu kwa miguu mpaka Government Square, pale Bandari ya Kale, mwone na ile nyumba ya kale, Leven House. Hilo jina ni la meli ya Waingereza, HMS Leven ya Kapteni Owen, enzi za 1824 Mazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, walipokuwa wanatafuta kinga dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani. Kwangu mimi ngome bila hayo matembezi ni nusu ya hadithi.

*Nimesikia kuna meli ya Wareno ilizama mbele ya ngome. Mbona nilipoenda sikuiona? (Msomaji, Changamwe)*

Hukuiona kwa sababu bado iko chini ya maji. Inaitwa Santo António de Tanná, iliundwa Bassein huko India, ikatumwa kuja kuwaokoa Wareno waliokuwa wamezingirwa na Waomani ndani ya ngome tangu 1696. Ikazama 1697 hapo hapo mbele ya watu iliokuja kuwaokoa, na mwisho wa 1698 ngome yenyewe ikaanguka mikononi mwa Waomani. Hebu fikiria walioko juu ya ukuta wanaangalia tu.

Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na waakiolojia, wakiongozwa na Robin Piercy pamoja na watu wetu wa Makumbusho ya Taifa, waliichimba, wakapandisha vitu vingi, lakini bodi lenyewe la meli wakalipima, wakalichora, wakaliacha chini. Watu huuliza mbona wasingelitoa lote. Mbao iliyokaa baharini karibu miaka 300 imelewa maji mpaka ndani, ukiianika ikauke ghafla inasinyaa, inapasuka, inakuwa takataka, lazima ibaki majini kwanza halafu ilishwe dawa taratibu, tena kwa muda mrefu, sasa meli nzima utaiweka wapi na kwa pesa gani? Mimi naona walifanya la busara.

Vilivyotolewa viko ndani ya ukumbi wa makumbusho, so ukirudi usipite mbio. Angalia vyombo vya kaure vya Kichina, rangi ya buluu bado imeshika, na vyungu vikubwa vya safari, hapo unaona meli moja ya vita imebeba vitu kutoka pande zote za Bahari Hindi. Halafu panda ukutani upande wa bahari: ule mkondo unaouona chini yako, meli imelala humo.

*Ile mizinga mikubwa ya chuma pale nje ni ya Wareno? (Msomaji, Likoni)*

Si yote. Kuna wa meli ya Wajerumani Königsberg na wa HMS Pegasus ya Waingereza. Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikaenda kujificha delta ya Rufiji, ikamalizwa humo Julai 1915. Wajerumani waling'oa mizinga yake wakaikokota bara kupigania nayo, na Waingereza nao wakaopoa ya Pegasus.

*Watoto wangu wanaboeka makumbusho, nifanyeje? (Mama, Tudor)*

Mama, usianze na makabati ya vioo. Waonyeshe mifupa ya nyangumi kwanza, halafu watafutieni michoro ya ukutani waliyoiacha askari wa Kireno, wamechora kwa makaa na udongo mwekundu, kuna meli zenye milingoti, kuna samaki, kuna mpaka kinyonga. Wape karatasi na penseli wachore meli wanayoipenda. Mtoto akichora anaangalia, akiambiwa tu aangalie anaanza kuomba juisi.

*Wareno, Waomani, Waingereza kila mahali. Sisi wenyewe wa pwani tuko wapi kwenye hiyo historia? (Msomaji, Kibokoni)*

Swali hili limenigusa kabisa. Kwenye vita na mizinga tunaonekana pembeni, lakini bahari hii ilikuwa na vyombo vyetu kabla ya Mreno yeyote. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, tanga lake la mkeka. Modeli za mtepe ziko makumbusho ya Lamu, ukipata nafasi ya kufika huko nenda uone mshono wenyewe ulivyopita ubao kwa ubao. Hapa Mombasa nenda Bandari ya Kale ukakae na wazee waliosafiri na majahazi, waulize habari za kaskazi na kusi, upepo upi uliwaleta Waarabu na Wahindi na upi uliwarudisha. Nenda na adabu, salimia kwanza, picha omba ruhusa. Na naomba makumbusho yetu yawarekodi wazee hawa sasa hivi, wakiwa bado wapo.

*Baba yangu ana shida ya magoti, ataweza Fort Jesus? (Msomaji, Mtwapa)*

Sehemu ya chini na ukumbi wa maonyesho ataweza polepole, kuta za juu aziache. Mnapomaliza mchukulieni tuktuk mpaka Government Square, Ndia Kuu ni nyembamba na ina pikipiki nyingi.