Kabla hujaanza kupima punje zilizokwamana

Jaribio lenyewe ni boksi la shanga za kioo ambalo mota hulisukuma upande, kwenda na kurudi, mzunguko baada ya mzunguko. Ukiona kipimo cha leo hakifanani na cha jana, na shanga ni zilezile, usikimbilie kulaumu mota. Punje zilizokwamana, yaani zilizobanana hadi rundo likasimama kama kitu kigumu, hubeba historia ya namna zilivyomiminwa. Usipoidhibiti historia hiyo, ndiyo utakayokuwa unaipima.

Changanya shanga za saizi mbili, kubwa iwe mara 1.4 ya ndogo. Za saizi moja hujipanga safu kwa safu, kisha safu zinateleza juu ya nyingine, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mimina kwa kimo kilekile kila mara. Pima uzito wote, gawanya kwa 2.5 (gramu za kioo kwa sentimita moja ya ujazo), halafu gawanya kwa ujazo wa boksi. Jibu ni sehemu ya boksi iliyojaa kioo: rundo lililomiminwa taratibu hutoa karibu 0.60, likigongwagongwa hukaribia 0.64.

Amua mapema kama kifuniko kitafungwa au kitaelea chini ya uzito. Kikielea, rundo hupanda kidogo kila linaposukumwa upande (Osborne Reynolds alilieleza hili mwaka 1885), lakini mizunguko ikiongezeka, rundo legevu hushuka. Kikifungwa, haliwezi kushuka, kwa hiyo mgandamizo kati ya punje ndio unaopungua. Mchanga uliojaa maji ulipoteza nguvu kwa njia hiyohiyo katika tetemeko la ardhi la Niigata, Japani, mwaka 1964.

Sehemu inayowakwamisha wengi ni ukubwa wa mwendo, yaani boksi linasukumwa upande kiasi gani katika kila mzunguko. Ukiwa mdogo, baada ya mizunguko ya mwanzo punje hurudi zilipokuwa kila mzunguko unapoisha, ingawa katikati zilihama na msuguano ukala nishati. Ukiwa mkubwa, hazitulii kamwe. Mpaka kati ya hali hizo usiutafute kwa kupandisha mwendo hatua kwa hatua kwenye rundo moja: hatua ya nyuma imekwisha kulifunza rundo. Kila ukubwa umiminie rundo jipya. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Picha zipigwe boksi likiwa pembe ileile na likielekea upande uleule. Kamera iamriwe na kitambuzi cha mkao, si saa. Gia zikilegea kidogo tu, saa itakuonyesha punje "zimehama" kumbe boksi lenyewe limechelewa.

Unyevu nao uandike kila siku. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hugandisha shanga. Ikiwa kavu mno, umemetuli huzinatisha ukutani. Zikianza kufifia kwa mikwaruzo, zibadilishe zote, usichanganye mpya na kuukuu.