Friza ya bei poa na kundi la jumla: usilipie kabla hujasoma hapa

Dada, simama hapo hapo. Hiyo pesa usiitume.

Nimesoma ulichoandika mara mbili na moyo ukanienda mbio, maana ni kama nasoma maneno yangu mwenyewe ya miaka mitatu iliyopita. Familia ya watu sita, mshahara haufiki mwisho wa mwezi, umepata friza kubwa iliyokwisha tumika kwa bei ya kutupa, na kuna kundi la watu wanaochanga na kununua kwa jumla ambao wamekuahidi kwamba ukijiunga matumizi ya jikoni yatashuka kwa robo. Unauliza kama uchukue mkopo mdogo ununue hiyo friza, nguo za watoto uzipate wapi bila kuumia, na kama kuna siku za mwezi ambazo bei hushuka. Leo najibu la friza na kundi tu, kwa sababu friza ndiyo itakayokuliza.

Mkopo mdogo. Na mimi niliuita hivyo hivyo. Marejesho yalikuwa ya miezi 10, na mwezi wa nne friza ilikuwa imezimwa iko ukumbini, imefunikwa kitambaa, watoto wanawekea madaftari juu yake. Miezi sita nzima nimelipia meza.

Nieleze ilivyokuwa. Mratibu wa kundi letu alikuwa mtu wa maneno matamu, na msemo wake ulikuwa mmoja: haba na haba hujaza kibaba. Kila wiki alituma picha za mizigo, bei ya zamani imekatwa kwa mstari mwekundu, bei mpya pembeni, na chini yake saa zilizobaki kabla ofa haijafungwa. Alinipigia mwenyewe akaniambia familia kama yangu bila friza inatupa pesa. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba alikuwa analipwa na muuzaji wa jumla kwa kila mzigo unaotoka. Hakuwahi kututamkia hilo hata siku moja. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, na kilichoniuma zaidi ni kwamba tuliokuwa tunamwamini tulikuwa watu tunaohesabu mpaka sarafu ya mwisho. Kama mtu wa kundi lako anakuharakisha, muulize waziwazi mbele ya wenzako: wewe unapata nini tukinunua? Mtazame anavyojibu.

Aliyeniuzia friza naye alisema inakula umeme kama balbu. Sikugeuza hata nyuma nisome kibati. Kibati kiliandika wati 180. Kwa friza nzima isiyo na hitilafu hilo si tatizo, kwa sababu mota huwaka ikapoza kisha ikapumzika. Ya kwangu mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa na kupasuka kwenye kona, baridi inavuja, mota haipumziki usiku wala mchana. Piga hesabu: 180 mara saa 24 ni 4,320, gawanya kwa 1,000 unapata yuniti 4.32 kwa siku. Kwa mwezi ni karibu yuniti 130 za friza peke yake. Nilidhani mita imeharibika. Nikagombana na watoto kuhusu taa, wakati mwizi yuko ukumbini ananguruma.

Sasa nyama. Hapa nisikilize vizuri zaidi kuliko popote.

Tulichukua kilo 40 kwa punguzo la asilimia 25. Siku ile ilipofika mama watoto aliuliza swali moja tu: "Kwani sisi kwa mwezi tunakula kilo ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa najua bei ya kila muuzaji kwa kichwa, najua nani ameshusha na nani amepandisha, lakini kiasi tunachokula nyumbani kwangu mwenyewe sikukijua. Nikamjibu kwamba nyama haiozi kwenye barafu, akanyamaza.

Mwezi wa tatu tulisafiri siku tano. Tuliporudi umeme upo, friza inanguruma, nikafungua, kila kitu kimeganda kama jiwe. Nikafurahi. Ni mke wangu aliyeinama na kusema hebu angalia hii mifuko. Tulikuwa tumeipanga imesimama, kila mmoja na umbo lake. Sasa yote ilikuwa imelala bapa, imeshikana ikawa bamba moja, na chini kabisa kulikuwa na barafu ya rangi ya waridi, unene wa vidole viwili, kutoka ukuta hadi ukuta. Barafu ile ilikuwa damu na maji. Nyama iliyeyuka yote, ikakaa hivyo, kisha ikaganda tena. Jirani akathibitisha: umeme ulikatika siku mbili na nusu, ukarudi siku moja kabla yetu.

Friza iliyojaa pomoni na isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 48. Ikiwa nusu ni kama saa 24 tu. Yetu ilikuwa haifiki nusu. Nilitaka tuichemshe sana tuile, nasema ukweli, kwa sababu nilikuwa bado nailipia. Mke wangu akakataa katakata na alikuwa sahihi: barafu haiui bakteria, inawalaza tu, na nyama ikikaa zaidi ya saa mbili juu ya nyuzi 4 wanaamka na kuzaana. Wengine huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Tulitupa kilo 18. Nilichimba shimo mimi mwenyewe usiku, sikutaka majirani waone.

Tangu hapo nina kikombe cha maji kwenye sehemu ya kugandisha ya friji. Maji yakishaganda unaweka sarafu juu ya barafu. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama, vitu viliyeyuka hata kama sasa vimeganda, na huna la kubishana.

Ile hesabu niliyoifanya baada ya kunawa mikono ndiyo nataka uibebe. Kilo 40 kwa punguzo la asilimia 25 maana yake nilitoa pesa ambayo kwa bei ya kawaida ingenunua kilo 30. Tulikula 22. Kwa hiyo nililipa pesa ya kilo 30 kula kilo 22, yaani kila kilo iliyoingia tumboni ilinigharimu asilimia 36 zaidi ya kununua kidogo kidogo bila ofa yoyote. Hapo sijaweka umeme, sijaweka riba.

Kanuni yangu basi ni hii na siibadilishi: pesa gawanya kwa kilicholiwa, si kwa kilichobebwa. Bei iliyoandikwa dukani ni ya kubeba. Bei yako unaijua siku kitu kinapokwisha.

Na usidhani ni nyama tu. Mafuta ya kupikia: lita moja kwetu ilikuwa inakaa siku tano. Tukanunua dumu la lita 20, nikategemea siku 100. Likaisha siku ya 68, na hakuna aliyeiba. Mkono unaomimina kutoka kwenye dumu haumimini kama mkono unaoona chupa inakaribia kuisha. Kikiwa kingi hakionewi huruma. Unga wa nafaka nzima nao nilinunua gunia kwa sababu ni wenye afya, bila kujua kwamba kiini cha nafaka kina mafuta, na mafuta yale ndiyo huufanya uharibike mapema kuliko unga uliokobolewa. Mchele ulitoka fukusi kwenye gunia ambalo hatukulifungua hata mara moja. Muuzaji akasema tumeuweka vibaya. Si kweli: mayai ya fukusi huwa ndani ya punje tangu ghalani, yanasubiri joto na muda, na gunia kubwa huyapa vyote viwili.

Watu watakuambia hayo ni mambo ya uzembe wa nyumba moja. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotoka 2024 ilihesabu tani bilioni 1.05 za chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022, na asilimia 60 ya hizo zilitupwa majumbani. Si mahotelini wala madukani, ni majikoni kwa watu kama mimi na wewe.

Kuna mchumi anaitwa Richard Thaler, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Tangu 1985 aliandika kwamba mnunuzi hupata raha mbili tofauti: raha ya kukitumia kitu, na raha ya kujiona amekipata kwa bei nzuri. Hii ya pili inakuja hata kama kitu chenyewe hukihitaji. Niliposoma hayo niliielewa miezi yangu yote na lile kundi. Ule msisimko wa saa zinazoyoyoma pale chini ya picha nilikuwa naununua kwa pesa ya watoto.

Sasa ufanye nini. Chukua daftari la mwanao lililobaki kurasa, litundike jikoni pamoja na kalamu kwa kamba, maana kalamu isipofungwa itapotea siku ya pili. Siku 30 andika vitu viwili tu: kilichokwisha na tarehe, kilichotupwa na tarehe. Bei usiandike kwanza. Sisi wiki ya kwanza iliniuma kuona mkate unatupwa kila siku ya nne, vipande vile vile vya mwisho, kwa sababu tulikuwa tunanunua mkubwa wenye punguzo. Tukarudi kwenye mdogo. Mkate mdogo ni ghali zaidi kwa gramu na matumizi yalipungua.

Siku ya 31 utajua mnakula nini na kiasi gani. Hapo ukiniambia sabuni ya kufulia inakwisha kila wiki mbili bila kukosa na haiharibiki, nitakuambia nunua katoni, na mimi nafanya hivyo. Chumvi, viberiti, sabuni ya kuogea, vitu hivi chukua kwa jumla kama pesa ipo mkononi. Pesa ya mkopo hapana, hata kwa sabuni, kwa sababu riba inakula punguzo lote kabla hujafungua katoni.

Na kama baada ya hayo daftari litasema friza inahitajika kweli, nenda kwa muuzaji na karatasi moja nyembamba. Fungia karatasi kwenye mlango, ivute. Ikitoka bila kung'ang'ania, mpira umekwisha, jaribu pande zote nne na kona zake. Soma kibati kwa macho yako. Mwambie aiwashe, ikae usiku kucha, kesho yake weka kipimajoto ndani: inatakiwa isome nyuzi 18 chini ya sifuri, na ukikaa nayo nusu saa uisikie mota ikizima. Isipozima kabisa, ondoka.

Kwa leo mpigie huyo muuzaji umwambie utampa jibu baada ya siku 30. Atakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Mimi niliambiwa hivyo saa nne asubuhi, nikalipa kabla ya saa tano. Wewe mwambie amuuzie huyo mteja, kisha uje hapa na hilo daftari tulisome pamoja.